Kofia ya kinga kutoka Perth: miezi minane kichwani kwa mdogo wangu

Mimi ni mshona kofia hapa Chake Chake, mtaa wa Machomane. Nashona kofia za viua, za mkono, na moja hunichukua miezi miwili nikiwa sina wageni. Lakini leo nataka kuizungumza kofia ambayo sikuishona mimi: ile kofia laini ya kinga, yenye sponji, wanayovaa baadhi ya wachezaji wa raga na wa mpira wa Australia. Mdogo wangu, beki wa kati, amekuwa akiivaa uwanjani Gombani tangu mwishoni mwa Oktoba, na watu wakiiona hawamuulizi yeye, wananiuliza mimi. Dada, umeipata wapi? Bei gani? Na mwanangu nimnunulie? Jibu langu si la neno moja, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Imetoka Perth, Australia ya magharibi, ambako mtoto wa mama yetu mdogo anaishi na mumewe. Alilipa dola 70 za kule, na kwa siku ile zilikaribia shilingi laki moja na ishirini. Hakuituma kwa posta. Ilikuja ndani ya begi la jamaa aliyekuwa anarudi likizo, ikalala Unguja siku mbili, kisha ikapanda boti mpaka Mkoani, na mdogo wangu akaifuata bandarini mwenyewe.

Kabla hajaivaa niliigeuza ndani nje, kama ninavyofanya kwa kofia yoyote nikitaka kujua aliyeishona alikuwa na haraka au hakuwa nayo. Ina vipande vya sponji nzito, unene wa sentimita moja hivi, vimefunikwa kitambaa cha kuvutika na kushonwa kimoja kimoja, kwa hiyo inajikunja kufuata kichwa na haikai juu yake kama bakuli. Ukikiminya kipande kwa dole gumba kinarudi polepole. Masikio yameachiwa nafasi, utosini kuna matundu ya hewa, nyuma kuna kamba ya kukazia kama ya kiatu, na chini ya kidevu unapita mkanda wa kunatanata. Mishono ya nje imenyooka na uzi wake una nguvu. Bitana ndiyo iliyoniudhi. Wameishona kwa uzi mwembamba, mshono mrefu mrefu, na wiki ya sita ukaanza kuachia kwenye paji la uso, pale jasho linapotua. Niliufumua wote nikashona upya kwa uzi wa nailoni, mshono wa kurudi nyuma, na mpaka leo haujaachia. Kama nyumbani hamna mshonaji, ipeleke kwa fundi ingali mpya. Ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu saizi, msikilize mshona kofia. Kichwa cha mdogo wangu nakijua, nimemshonea tangu alipokuwa akienda madrasa: ni inchi 23. Karatasi ya kofia iliandikwa sentimita 56 mpaka 58, na inchi 23 ni 58 na kidogo. Hicho kidogo kilimtia alama nyekundu kwenye paji la uso kila baada ya mazoezi, hadi nikailegeza kamba ya nyuma tundu zima. Pima kichwa kwa futi, juu ya nyusi na juu ya masikio, na ukijikuta mpakani chukua inayofuata. Ikilegea utaikaza kwa kamba. Ikibana huna la kufanya.

Joto ni kubwa. Kule Australia wanacheza mpira wao majira ya baridi, na kofia imetengenezwa kwa watu wa baridi. Hapa, alasiri ya Februari, mdogo wangu akiivua mapumziko unaweza kuikamua kama kitambaa cha kudekia. Lazima ifuliwe kila baada ya mechi kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, isianikwe juani maana sponji itakauka na kupasuka. Wakati wa masika ilichukua siku mbili kukauka kivulini na tayari ilishaanza kunuka. Na masikio, ingawa yameachiwa nafasi, hayasikii kama zamani. Beki wa kati anaishi kwa sauti ya golikipa wake. Mechi mbili za mwanzo aliitiwa "Mwache!" hakusikia, wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Ilibidi wakubaliane golikipa apige kelele mapema zaidi na kwa jina.

Mpira wenyewe nao unabadilika. Ukipigwa kwa kichwa chenye sponji hauendi ulipotumwa, unadunda kidogo kisha unaenda. Alikaa wiki tatu nyuma ya nyumba anajifundisha upya na mtoto wa jirani akimrushia, hadi akapata kipimo. Anayenunua kofia wiki ya fainali atajuta.

Sasa nieleze kwa nini tuliitafuta.

Ilikuwa Septemba, karafuu zimeanikwa kila penye uwazi. Kona ilipigwa, mdogo wangu akaruka, mshambuliaji wa upande wa pili naye akaruka, vichwa vikakutana hewani. Sauti yake niliisikia nilipokaa. Alianguka bila kutanguliza mikono. Alizimia, sijui sekunde kumi au ishirini, wakammwagia maji, akainuka, watu wakapiga makofi. Akaendelea kucheza. Ninyi mnaosoma mnajua kwamba sote tumepiga makofi ya namna hiyo. Mimi nilipiga. Alipokuja nyumbani akaniuliza tumefunga ngapi, nikamwambia, akala kidogo, akaniuliza tena. Mara ya tatu nikaacha sindano. Usiku akatapika.

Kituo cha afya tulichokwenda walimpa dawa ya maumivu na kumwambia baada ya siku mbili arudi kazini na mpirani. Siku mbili zikapita na hakuweza hata kukaa nami chumbani, kwa sababu mwanga wa taa ulimuumiza na mlio wa cherehani ya jirani ulimfanya ashike kichwa. Simu hakuigusa, na kijana wa miaka 22 asiyegusa simu anaumwa kweli. Jeraha halikuwepo, mfupa haukuvunjika, kwa macho alikuwa mzima. Marafiki zake wakawa wanapita barazani kumuuliza anarudi lini.

Aliyetusaidia ni huyu binti wa mama mdogo. Mumewe ni mtu wa Fremantle, yaani anaishabikia Fremantle, timu ya jezi za zambarau, na nyumba yao nzima inazungumza mpira wao ule wa duara la yai. Mimi nilikuwa siujui. Wanacheza 18 kwa 18 katika uwanja mkubwa kama wa kriketi, mpira wenyewe una umbo la yai, unapigwa kwa mguu na kwa ngumi, nguzo za goli ni nne, goli ni pointi 6. Jambo linalopendwa kuliko yote ni mtu kuruka na kuudaka mpira hewani, wakati mwingine goti lake likiwa mgongoni kwa mwenzake, huku wengine wanakuja mbio kutoka mbele yake asikowaona. Kurudi nyuma macho yakiwa juu kwenye mpira, bila kujua nani anakuja, ndiko wanakokuita ushujaa. Nilipoona video ya kwanza nilifunika uso.

Alipiga simu akatuambia kwamba kule kuna kanuni. Katika ligi yao kuu, AFL, tangu mwaka 2021 mchezaji aliyetikisika ubongo hachezi mechi kabla ya siku 12 kupita, hata akisema yuko sawa. Na kwa watu wa mitaani na vijana, wasio na madaktari wa klabu, mwongozo wa taifa lao tangu 2024 ni siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi ya kugongana, na ndani yake lazima awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Kwa sababu kichwa kilimuuma mpaka siku ya 12, hesabu ilisogea, na mdogo wangu alirudi mazoezini siku ya 28. Kocha alinuna. Nampa haki yake kwamba alinuna lakini akasubiri.

Kofia ilikuja katika kipindi hicho, ikiwa zawadi. Nami, kwa kuwa ni mtu wa kofia, niliiamini.

Nataka niwe mkweli kuhusu miezi ile mitano ya mwanzo, kwa sababu ilikuwa mizuri. Aliporudi bila kofia, kwenye mazoezi, nilimuona anafumba macho mpira ukija juu. Beki mwenye kufumba macho amekwisha. Alikuwa anaruka nusu, anachelewa kwa makusudi, anamwachia mwenzake. Alipovaa kofia, kidogo kidogo akafumbua. Kufikia Januari alikuwa anapanda kwenye krosi kama zamani, na kufikia Machi alikuwa anacheza kuliko zamani: anasoma mpira mapema, anaamrisha safu ya nyuma, mechi nne mfululizo hawakufungwa goli la kichwa. Wazee wa baraza wakaanza kumwita Čech, wakimkumbuka yule golikipa wa Chelsea aliyevunjika fuvu Oktoba 2006 na kurudi langoni Januari 2007 akiwa na kofia ambayo hakuivua tena mpaka alipostaafu. Mdogo wangu alilipenda jina hilo.

Na mama. Mama ana mtoto wa jicho, la kushoto haoni kitu na la kulia anaona ukungu. Miaka miwili alikuwa anakwenda Gombani kusikiliza tu, tunamwambia sasa anao, sasa ameupiga. Kofia hii ni ya njano, na jezi za timu ni za njano. Kati ya vichwa 21 vyeusi, kimoja cha njano. Mechi ya kwanza mama alinishika mkono akaniambia namuona, yule pale, anakimbia. Nilipomsimulia binti wa mama mdogo, alinyamaza, kisha akanieleza habari ya Heather Anderson. Alikuwa mchezaji wa Adelaide katika msimu wa kwanza kabisa wa ligi ya wanawake ya mpira wao ule, 2017, na walichukua ubingwa. Alikuwa akivaa kofia ya waridi iliyokoza ili mama yake, ambaye macho yake hayaoni vizuri, aweze kumtambua uwanjani. Alifariki Novemba 2022, ana miaka 28. Familia ikautoa ubongo wake uchunguzwe, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba alikuwa na CTE, ule ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa mara kwa mara miaka nenda miaka rudi, ambao haujulikani kwa uhakika mpaka mtu afe. Ndiye mwanamke wa kwanza mwanamichezo wa kulipwa kukutwa nao duniani. Naye alikuwa akivaa kofia. Sikumwambia mama habari hiyo, na mpaka leo sijamwambia.

Tangu siku ile ndipo nilipoanza kuichunguza kofia kwa jicho jingine. Nilifanya jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya jikoni kwake. Nilichukua nazi yenye maji, nikaivalisha kofia, nikaikaza kamba mpaka mwisho, nikaitikisa sikioni. Maji yalicheza vilevile. Nikaivua kofia nikaitikisa tena, sauti ni ileile. Kisha nikaivalisha tena nikaigonga kwenye kizingiti cha mlango, ganda halikupata hata alama. Nimekaa na nazi ile mapajani muda mrefu. Sponji inalinda ganda. Inazuia kuchanika ngozi, inapunguza uvimbe, inasaidia kiwiko kisichane nyusi, na kwa hayo naisifu, maana ndani ya miezi minane mdogo wangu hajashonwa uzi hata mmoja, naye zamani alikuwa anashonwa kila msimu. Lakini ubongo uko ndani, unaelea katika maji yake, na kichwa kikisukumwa ghafla au kikizungushwa unagonga ukuta wake kutoka ndani. Hapo sponji ya sentimita moja haifiki. AFL wenyewe hawaifanyi kofia hii kuwa lazima, kwa sababu haijathibitika kwamba inazuia mtikisiko wa ubongo. Kwenye karatasi ya kofia yetu maneno hayo yapo, kwa herufi ndogo kabisa nyuma, nami niliyasoma mwezi wa sita. Yangeandikwa mbele, kwa herufi kubwa kama za bei, ningewapa nyota moja zaidi.

Kwa hiyo nyota zangu ni tatu kati ya tano: ushonaji wa nje mzuri, ulinzi wa ngozi mzuri, bitana mbaya, joto baya, na ahadi ambayo haikutamkwa lakini kila mnunuzi anaisikia.

Maana hatari yake ni hii, na nimeiona nyumbani kwangu. Kofia ilimrudishia mdogo wangu ujasiri aliokuwa amepoteza, kisha ikampa mwingine usiokuwa wake. Kufikia Aprili alikuwa anatia kichwa mahali ambapo wenzake wanatia mguu. Mpira uko usawa wa kiuno, mtu anakuja kuupiga kwa njumu, yeye anainama kuupiga kwa kichwa. Uwanja mzima unashangilia, "Čech! Čech!" Nami nilikuwa nimeinama nafumba macho kwa niaba yake.

Mwezi uliopita alipigwa kiwiko upande wa sikio, mbele ya jukwaa. Kofia ilikuwa mahali pake, mkanda umekazwa. Hakuanguka. Alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kwa mwamuzi kwamba yuko sawa, akaendelea. Hakuna aliyeona kitu. Mimi niliona kwamba aliufungua mkanda wa kidevu akaufunga, kisha akaufungua akaufunga, kisha tena, na mpira ulipokwenda upande wa kushoto yeye alibaki amesimama anatazama kulia. Niliteremka mpaka kwenye benchi. Sijawahi kufanya hivyo, na haikuwa rahisi kwa mwanamke kusimama pale mbele ya wanaume wote wale nikasema mtoeni. Kocha alinitazama, akamtazama yeye, akamuuliza leo tunacheza na nani. Akataja timu ya wiki iliyopita. Akatolewa.

Alinikasirikia siku tatu. Hakupaza sauti, hatuna adabu hiyo kwetu, ila alikuwa anapita bila kuniamkia. Alisema kofia ilikuwa imevaliwa vizuri, kwa hiyo hawezi kuwa ameumia. Neno lile lilinikata. Ndilo neno nililomfundisha mimi mwenyewe kwa kuishona ile bitana kwa mapenzi.

Usiku wa nne nilimwomba akae nami nimuoneshe mtu mmoja. Anaitwa Angus Brayshaw, mchezaji wa klabu ya Melbourne katika ile ligi ya AFL. Mwaka 2014, klabu zilipochagua vijana wapya, alichaguliwa wa tatu nchi nzima. Ubongo wake ulitikisika mara kadhaa mwaka 2016 na 2017, watu wakaona amekwisha. Akarudi na kofia kama yetu kichwani, na mwaka 2018 akashika nafasi ya tatu katika kura za Medali ya Brownlow, ile ambayo waamuzi ndio wanaompa mchezaji bora wa msimu. Mwaka 2021 akachukua ubingwa. Hapa mdogo wangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, anamuona mtu wa aina yake. Kisha nikamwekea Septemba 2023, mchezo wa hatua ya fainali dhidi ya Collingwood. Brayshaw anakimbia, anaupiga mpira, mpinzani ameruka kuuzuia, bega la aliyeruka linamfikia usoni akiwa hana habari. Anaanguka. Kofia iko kichwani. Amelala kimya pale, mbele ya watu zaidi ya elfu tisini. Februari 2024 alistaafu kwa ushauri wa madaktari, ana miaka 28, na mkataba wake ulikuwa na miaka mingi mbele.

Mdogo wangu hakusema kitu. Aliirudisha video akaitazama tena, pale kofia inapoonekana.

Na katika uchaguzi uleule wa 2014, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa alikuwa Paddy McCartin, kijana anayeishi na kisukari cha utotoni. Akiwa St Kilda kichwa chake kilitikisika mara nane, klabu ikaachana naye mwisho wa 2019. Alikaa nje. Kisha Sydney wakamjaribu timu ya chini, wakamhamisha kutoka mshambuliaji kuwa mlinzi, na mwaka 2022 akacheza msimu akiwa nyuma pamoja na mdogo wake wa damu, Tom, mpaka fainali kuu mbele ya watu 100,024. Walifungwa vibaya na Geelong, kwa tofauti ya pointi 81, lakini alifika. Aprili 2023 akaanguka tena, kichwa tena, na mwaka huohuo akaacha mpira. Mume wa binti wa mama mdogo anasema ndiye shujaa kuliko wote. Mimi nikimtazama namfikiria Tom, mdogo wake.

Brayshaw naye ana mdogo wake, Andrew, ndiye anayecheza Fremantle. Mwaka 2018 akiwa na miaka 18 alipigwa ngumi, taya likavunjika. Akapona, akarudi, na mwaka 2022 wachezaji wenzake wa ligi nzima wakamchagua kuwa bora wao. Taya huunga. Nilimwambia mdogo wangu hivyo tu: taya huunga, na nyusi hushonwa, hata fuvu la Čech liliunga. Akaitoa kofia msumarini akanipa mkononi.

Wanaotaka kununua, mambo mawili ya haraka. Sheria ya 4 ya mpira wetu inataka kofia iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi. Siku timu ilipovaa jezi nyeupe, mwamuzi alimwambia aivue ya njano, na alikuwa na haki. Ndipo tukatafuta nyeusi Unguja, shilingi elfu ishirini na tano, inafaa kwa jezi yoyote. Lakini ile ya elfu ishirini na tano ukiiminya, dole gumba linakutana na kidole cha upande wa pili. Ni kitambaa kinene chenye mkanda, msihesabu ulinzi wowote pale. Kama fedha ni chache ni bora uziweke kwa nauli ya kumpeleka mtoto akaonwe na daktari anayemuuliza maswali ya kumbukumbu na kumsimamisha mguu mmoja, badala ya kumpa vidonge na kumuaga.

Na kwa mama aliyeniuliza juzi sokoni kama kofia hii itamwezesha mwanawe kurudi wiki ijayo, baada ya kuzimia wiki iliyopita: hapana, mama. Ikiwa ndiyo sababu ya kuinunua, usiinunue. Mzuie asicheze siku zote 21, na kichwa kikiuma siku ya 20 uanze kuhesabu siku 14 nyingine. Kofia ije baadaye, kwa ajili ya ngozi.

Kwetu leo ni siku ya 17. Kichwa hakijauma tangu siku ya 5, hesabu bado haijasogea. Ya njano nimeifua, nimebadilisha mkanda wa kidevu ulioanza kupoteza kunata, na inaning'inia msumarini karibu na kofia ya viua niliyoifikisha nusu.

Jumapili mama alitaka twende Gombani hata hivyo. Nikamkalisha mahali pake pa kila siku, timu zikaingia, akawa anageuza uso huku na huku kutafuta rangi. Akaniuliza, yuko wapi, mbona leo simuoni? Nikamwambia hayumo uwanjani, mama, amekaa hapo kulia kwako. Akanyoosha mkono akamgusa kichwa.